Mji Uliowatenga Watani

Ukuta ulifunguka Nkwabi Lubasha akiwa anapiga mswaki.

Alikuwa amesimama barazani kwake, mdomo umejaa povu, macho yametua palepale yalipozoea kutua kila asubuhi: kwenye ule ukuta wa rangi ya maziwa uliokata mtaa wao vipande viwili. Kwa miaka saba ukuta ule haukusogea hata kwa upana wa ukucha. Leo ukanguruma kidogo kama paka aliyeshiba, ukateleza pembeni, ukazama kwenye ala yake chini ya barabara. Upande wa pili ukaonekana: mlango wa kijani, baraza ya saruji nyekundu, na watu wanabeba majamvi.

Nkwabi akameza povu la dawa ya meno.

Katika jiji la Mkongeni, ukuta wa namna ile hauondoki kwa msamaha. Unaondoka kwa kifo. Mmoja wa watu wawili waliotenganishwa akifariki, hakuna tena wa kulindwa wala wa kulindwa dhidi yake, basi ukuta unajiendea zake. Nkwabi aliijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyeiandika. Akajipapasa kifua. Moyo ulikuwa unadunda.

"Basi ni Sikudhani," akauambia mswaki.

Akasukutua mdomo, akaingia ndani kuvaa.

*

Mkongeni ilijengwa kwenye mashamba ya zamani ya katani, na ilipojengwa Nkwabi alikuwa mpanga mitaa kijana mwenye kelele nyingi. Alikuwa na wazo moja tu, akalisema mpaka wakubwa wakachoka: mtaa unaoonekana hauibiwi. Madirisha akayageuzia barabarani. Uzio akaukata ukabaki wa kufika kiunoni. Kila kona akaweka kibanda cha mama wa maandazi, kwa sababu hakuna kamera duniani yenye macho kama ya mama wa maandazi anayengoja wateja. Kila nyumba ikapewa baraza kwa mbele, watu wakae, waonane, waulizane yule anayepita ni mgeni wa nani.

Wizi ukashuka. Wakubwa wakafurahi, na mkubwa akifurahi anataka kingine. Wakasema, vizuri, wezi wameondoka, sasa tuondoe na ugomvi. Ndipo zikaja kuta.

Kuta zililala chini ya barabara, kila moja kwenye ala yake. Mawe ya njia yalisoma mwendo wa kila mtu, kwa sababu sura mtu anaifunika, lakini mwendo haufunikiki. Nguzo za taa zilikuwa na masikio. Mtu akimtishia mwenzake kifo mara tatu, mji ulikuwa hauna haja ya polisi wala hakimu: ulipanga njia upya, ukuta huku, ukuta kule, na wawili hao wasikutane tena maisha yao yote. Mfumo ule uliitwa Mpishano. Hata simu zao hazikuitana tena.

Na ulifanya kazi, huwezi kuunyima haki yake. Kituo cha polisi cha Mkongeni kiligeuzwa saluni. Mwizi wa mwisho alikaa bila kazi mpaka akaomba afundishe shule ya awali. Kuku walilala katikati ya barabara na asubuhi wakahesabiwa wote.

Lakini watu nao wakajifunza kusema. Sokoni mtu hakuthubutu tena kushangaa bei ya nyanya kwa sauti. Bwana mmoja alimwambia muuza nyanya, "Wewe mama utaniua!" akarudia na kesho yake na kesho kutwa, hajala nyanya mpaka leo. Majirani wakawa wanasalimiana kama wanasoma taarifa ya habari. Halafu, kwa kuwa salamu nazo zina hatari zake, wakaacha baraza zao wakaingia ndani.

Sikudhani binti Pazi hakujifunza. Yeye Mzaramo, Nkwabi Mnyamwezi, na kati ya makabila hayo mawili utani si mchezo wa kuchagua; mtu huzaliwa nao kama pua. Kila asubuhi Nkwabi alipopita kwenda kazini alimkuta barazani.

"We mpagazi! Bado hujafa tu?"

"Nife, halafu wewe mcheza ngoma akuzike nani?"

"Pita haraka! Leo nakuua, nusu nazika, nusu nawapa mbwa. Ila mbwa wenyewe watakataa, utanuka ile michembe yenu ya viazi."

Baada ya hapo alimpa kikombe cha uji.

Mpishano uliwashwa siku ya Jumatatu. Jumatano, uji ukiwa bado mkononi mwa Nkwabi, ardhi ikanguruma na ukuta ukapanda katikati yao. Alikwenda ofisini kulalamika. Msichana wa mapokezi alimsikiliza kwa adabu zote, akamwambia rufaa inawezekana, ila lazima wote wawili wafike pamoja, wakae meza moja, waeleze kwamba hawana ubaya.

"Tutakaaje meza moja na tumetenganishwa?"

"Hapo ndipo penye shida, mzee," alisema msichana. "Lakini kanuni si yako wewe?"

*

Msiba wa Mkongeni ulikuwa kimya kama benki. Watu wamejaa, vichwa chini, wanapeana pole kwa sauti ya chini. Nkwabi alivua viatu mlangoni. Mwajabu, binti wa marehemu, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana kama ya mama yake, alimwona akaja mbio, khanga inamporomoka.

"Mjomba Nkwabi!"

"Pole, mwanangu. Imekuwaje?"

"Amelala, hakuamka. Usingizini tu." Akamvuta pembeni, karibu na pipa la maji, akanong'ona huku anaitazama nguzo ya taa. "Mjomba, tuna tatizo. Mama ametuachia neno. Alisema, 'Mimi msinizike kimya kama balozi. Asipokuja mpagazi wangu kufanya kazi yake, jeneza langu msilinyanyue.' Tumeapa mbele yake."

Nkwabi aliijua kazi hiyo. Mtani msibani huvaa nguo za marehemu, humwigiza anavyotembea na anavyosema, hulala mlangoni jeneza lisipite, huwatukana wafiwa na kuwatishia kifo mpaka wacheke. Na wakishacheka ndipo wanaweza kulia vizuri. Kwao hiyo ndiyo ruhusa ya marehemu kuondoka.

"Shehe anasema tuzike adhuhuri," Mwajabu aliendelea. "Na nguzo hiyo hapo inasikia. Unamkumbuka yule mzee wa mtaa wa nyuma aliyetania msiba mzima wa wakwe zake? Akitaka kwenda dukani mpaka leo anazungushwa nje ya jiji. Hapa pana wajukuu wa Mama, wadogo zake, wote. Ukitutukana kama inavyotakiwa, hatutakuona tena. Tumekupata leo hii hii, Mjomba." Akamsogelea. "Lakini wewe una ufunguo wa mafundi. Zima masikio. Saa moja tu."

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Alistaafu akaurudisha ule wa ofisi, akabaki na ule aliojichongea mwenyewe. Mpanga mitaa asiye na ufunguo wa akiba hajakamilika.

"Siwezi kuzima masikio peke yake," alisema. "Niliyafunga pamoja na kuta makusudi, ukuta kiziwi usije ukambana mtu. Nikizima, kuta zote za kata hii zinazama."

"Kwa saa moja, Mjomba. Nani atajua?"

Nkwabi alimjua mmoja atakayejua.

*

Anyesi aliishi nyumba ya pembeni kabisa, pale mtaa unapokutana na ukuta mwingine, mpya kuliko ule wa Nkwabi. Alikuwa uani anaanika nguo. Mlango wa mbele wazi, wa nyuma wazi, madirisha yote wazi, mapazia yanapepea nje kama ndimi. Mkono wake wa kushoto haukunyooka sawasawa. Uliwahi kuvunjwa na mume, mara mbili mahali palepale. Mume huyo alikuwa hai, mzima, na jiko lake la mkaa lilikuwa upande wa pili wa ukuta uleule. Moshi ulionekana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naona unakausha jiji zima."

"Jua la bure hili."

Nkwabi akamweleza, bila kuzunguka. Msiba, wosia, nguzo, ufunguo. Anyesi alimsikiliza kibanio cha nguo kikiwa katikati ya meno. Alipokitoa, hakupiga kelele.

"Saa ngapi?"

"Kabla ya adhuhuri. Kwa muda mfupi."

"Sawa." Akautazama ule moshi. "Mimi sikuombi usifanye. Bibi Sikudhani alikuwa mtu wangu, alinipa chungu changu cha kwanza nilipohamia hapa. Na ufunguo ni wako. Nimeshukuru umeniambia mapema."

"Huenda hata hayupo kwake sasa hivi."

"Yupo. Anakaanga samaki. Siku hizi anaweka kitunguu kingi."

Alikuwa anaongea hivyo huku ameshaanza kuanua nguo, mbichi, anazirundika begani. Akaingia ndani. Nkwabi alisikia dirisha la kwanza likifungwa, komeo likashuka. La pili. La tatu lilikuwa limeganda kwa kuachwa wazi muda mrefu. Alilisukuma kwa bega, likalia, likakubali. Mapazia yakaingia ndani moja baada ya jingine. Nyumba ilianza kufanana na zile nyumba za picha za zamani, zenye nondo, ambazo Nkwabi alipokuwa kijana aliapa kuziondoa duniani.

Anyesi alirudi uani kuchukua beseni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Nitamwita dada yangu aje akae na mimi," alisema. "Yeye ana sauti kubwa."

"Wacha," alisema Nkwabi.

"Nini?"

"Zianike tena hizo nguo, zitanuka uvundo." Akatoa ufunguo mfukoni, kipande cha chuma kirefu kama kijiko cha mchuzi, akamwekea kwenye beseni juu ya shuka. "Na hiki shika wewe."

"Nikifanyie nini?"

"Kisonge nacho ugali. Kitupe. Usinirudishie tu hata nikija kulia hapa mlangoni."

Anyesi alikitazama, kisha akamtazama yeye. "Na Bibi?"

"Bibi yako mjeuri. Ngoja nikamfikirie."

Njiani alimfikiria, na kadiri alivyomfikiria ndivyo mguu wake wa kushoto ulivyoanza kumwasha. Kanuni inamtenga anayetisha na anayetishwa. Vizuri. Basi akipatikana wa kutishwa ambaye hakuna atakayeumia kwa kumkosa, kazi imekwisha. Akamtafuta mtu wa namna hiyo katika Mkongeni nzima, nyumba kwa nyumba, na hakuchukua muda mrefu kumpata.

*

"Niletee khanga za mama yako," alimwambia Mwajabu. "Na kile kilemba chake cha njano. Halafu wewe na ndugu zako msinijibu neno. Hata neno moja! Mkicheka, chekeni, nguzo haijui kicheko."

Aliingia chumba cha uani Nkwabi Lubasha, mzee mrefu mwenye nyayo pana za polepole. Akatoka Sikudhani.

Mguu wa kushoto wa Sikudhani ulikuwa ukirushwa pembeni kila hatua, kama anafukuza kuku, tangu siku alipoanguka barabarani akicheza ngoma ya mdundiko kwenye harusi ya watu ambao hata hakuwajua. Nkwabi alimwigiza miaka arobaini kumkera, hivyo mwili uliujua mwendo ule kama wimbo. Alikatiza katikati ya majamvi, hatua, fukuza kuku, hatua, fukuza kuku. Mzee mmoja aliyekuwa anavuta uradi akaacha mdomo wazi. Nkwabi akafika mlangoni, akajitupa chini kuzuia jeneza, akapaza ile sauti ya Sikudhani ya kupasua chungu.

"Yuko wapi? Yuko wapi yule mpagazi wangu? Hajafika? Si ajabu, kabeba mizigo ya watu kaisahau miguu yake! Nkwabi we! Mtu gani huyu anajenga ukuta halafu ukuta unamfungia nje? Hata mchwa akijenga anaacha mlango! Mchwa, jamani, hajasoma hata darasa moja!"

Kikohozi kilisikika mahali. Kilikuwa cha mtu anayejizuia.

"Nasikia amestaafu. Amestaafu nini? Kazi yake ilikuwa kuwatenganisha watu, sasa wameisha! Kabaki na mswaki, anapiga nao gumzo asubuhi!"

Hapo ndipo Mwajabu alipoangua kicheko. Kilimtoka puani kwanza, kisha kikambeba mzima mzima, na wadogo wa marehemu wakafuata, na wajukuu, hata shehe akajifunika uso na ncha ya kilemba, mabega yanatikisika. Nguzo ya taa ikawasha kitaa chake cha njano, kusikiliza.

"Nikimkamata leo namwua!" akapiga kelele Nkwabi, khanga inamteleza. "Nampika na michembe yake! Namwua Nkwabi! Narudia, msije mkasema hamkusikia: namwua, na hakuna atakayemlilia, maana aliyemzoea ni mimi peke yangu!"

Kicheko kikakatika. Mwajabu akapiga magoti pale alipokuwa, akalia kilio kirefu, kile ambacho nyumba nzima ilikuwa imekibana tangu alfajiri. Wanawake wakamdaka. Nkwabi akajiviringisha kutoka mlangoni, na wanaume wakalinyanyua jeneza.

Mbali kidogo, chini ya ardhi, kitu kikanguruma kama paka.

*

Mtani havui nguo za marehemu mpaka arudi kutoka makaburini, hivyo Nkwabi alikwenda na kurudi na mguu uleule wa kufukuza kuku. Makaburini alikaa nyuma. Jioni watu walipotawanyika, kila mmoja akashika njia yake, akarudisha salamu za taarifa ya habari, akaingia ndani kwake. Yeye akashika yake. Ukuta wa maziwa ulikuwa umesimama katikati ya mtaa.

Alisimama akiutazama mpaka akaelewa, kisha akacheka peke yake. Alitegemea mji umwone Nkwabi mwehu anayemtishia Nkwabi, ushindwe kumtenga mtu na kivuli chake. Lakini mawe yalikuwa yamesoma mwendo wa Sikudhani, nguzo zimesikia sauti ya Sikudhani, inaahidi kumwua jirani yake kama kawaida. Mpishano haukuwahi kuambiwa kwamba maiti hatukani. Ukamrudisha bibi kwenye hesabu ya walio hai, na ukamlinda Nkwabi dhidi yake.

Ndivyo alivyojikuta, kwa mara ya kwanza, upande ule mwingine. Aliuchora ukuta huo, lakini uso huu hakuwahi kuuona. Chini yake, juu ya jiwe moja la njia, palikuwa na doa la mviringo, jeusi, la mafuta yaliyonywewa na jiwe muda mrefu.

"Alikuwa anakuna nazi hapo," ilisema sauti ya Mwajabu nyuma yake. Alikuwa amefuata khanga. "Kila asubuhi. Anatoka na mbuzi yake ya nazi, anaikalia, anaugeukia ukuta, anautukana huku anakuna. Tulimwambia, Mama, hausikii huko, ukuta mnene huo. Akasema, 'Yeye hasikii. Lakini yupo.'"

Nkwabi aligusa doa lile kwa ncha ya kidole cha mguu.

"Nyumbani unaingiaje sasa, Mjomba?"

"Rahisi tu. Nikivua hii mitambara na kutembea kama mimi, mawe yatanijua. Ukuta utafunguka."

"Basi tembea. Umechoka."

"Mwajabu, kwa sasa hivi, kwenye mitambo yote ya Mkongeni, mama yako yu hai. Anaishi nyumba ile ya mlango wa kijani na ana ugomvi na jirani. Nikitembea kama mimi, mji utajua kwamba mwendo ule ulikuwa wangu, na mama yako atakufa mara ya pili."

Mwajabu akaja akakaa chini, karibu na doa, mgongo kwenye ukuta. Baadaye alisema, "Kaa kidogo basi," na Nkwabi akakaa. Hawakutukanana. Nguzo ilikuwa karibu, naye Mwajabu alikuwa na watoto wa kulea. Jua lilishuka upande wa mashamba ya katani, kitaa cha njano cha nguzo kikazimika chenyewe kwa kukosa la kusikiliza.

Mwishoni Nkwabi alifungua kilemba, akakunja khanga mbili zile moja juu ya nyingine, pindo kwa pindo, akampa binti. Akanyoosha goti. Lilikataa mara ya kwanza, likakubali ya pili. Akapiga hatua moja pana, ya polepole, na nyingine, na ardhi ikanguruma, na ukuta ukazama kwenye ala yake bila haraka.

Mtaa wake ulikuwa mbele, umefagiwa, taa zote zinawaka, baraza zote tupu. Akaingia. Kila kitu kilikuwa salama salimini, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumwua.